Kabla hujampa mtoto gilita ya Krismasi

Krismasi ikikaribia, meza ya chakula hugeuka karakana: gundi, mkasi, maboksi yaliyokatwa kuwa nyota, na kikopo cha gilita ambacho kila mtoto anakigombea. Mapambo ya kutengeneza nyumbani ni nafuu na yana raha yake. Kazi ipo kwenye kuchagua vifaa, hasa vipya vya dukani vinapochanganywa na vya zamani vilivyotoka kwenye mitumba au kwa ndugu wa ng'ambo.

Gilita ya kawaida ni plastiki nyembamba iliyopakwa alumini, kisha ikakatwa vipande vidogo sana. Haiozi. Ndiyo maana tangu Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya umezuia kuuza gilita ya plastiki ya kumwaga kwa kazi za mikono. Kwa watoto, chagua yenye chembe kubwa, au ile iliyokwisha kuchanganywa na gundi ndani ya chupa, kwa sababu hairuki machoni. Ikiingia jichoni, mtoto asisugue. Mwoshe kwa maji safi mengi, na maumivu yakiendelea mpeleke hospitali.

Jambo moja huwaponyoka wengi: maandishi "haina sumu" kwenye kikopo hayana maana kwamba gilita hiyo inaliwa. Ya ufundi isikaribie keki.

Ipo pia gilita ya kioo, inayopendwa na wanaotaka pambo lionekane la kale kwa kuwa hufifia kadiri miaka inavyopita. Inapendeza kweli, lakini ni vigae vya kioo. Hiyo ni ya mtu mzima peke yake, watoto wakiwa wamelala.

Kwenye vitu vya zamani, ulizia umri kabla ya bei. Zile nyuzi za fedha za kuning'iniza kwenye mti zilitengenezwa kwa madini ya risasi nchini Marekani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Utazitambua kwa uzito: ni laini, hushuka wima, hazipeperuki kama za plastiki. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, kwa hiyo usizinunue. Rangi inayobanduka kwenye pambo la zamani nayo ni ya kutilia shaka. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani na za vitu vya watoto zenye risasi mwaka 1978. Na "theluji" ya boksi ya miaka ya 1930 na 1940 wakati mwingine ilikuwa asbesto. Usiifungue wala kuitikisa.

Vitufe vya kioo vya Lauscha, mji wa Ujerumani uliovipa sifa tangu karne ya 19, vitundike juu kabisa. Ni vyembamba kama ganda la yai.

Vya zamani vilivyo salama navyo ni vingi: kadi za Krismasi za miaka iliyopita, lesi, utepe, vibanda vya uzi vya mbao, vipande vya khanga. Vifungo viwe mbali na mtoto wa chini ya miaka mitatu, maana huvimeza. Kwa kung'aa, karatasi ya fedha ya chokoleti ikikatwa vizuri inatosha. Chumvi ya mawe juu ya gundi pia humetameta, ingawa kwa wakazi wa pwani itavuta unyevu na kulowa kabla ya sikukuu.

Mkimaliza, futeni meza kwa kitambaa kibichi. Ufagio huirusha gilita hewani, na mtaikuta kwenye pilau.