Kununua Lori Kuukuu: Gari Linaporudi Karakana Mara ya Pili

Katika mji wa Mombasa ni shida kupata mzigo usiohitaji gari, hata katika mitaa ambayo gari lenyewe haliwezi kuingia. Kuze, katika Mji wa Kale, ni mmoja wa mitaa hiyo. Vichochoro vyake ni vyembamba, na magunia ya viazi na vitunguu humaliza safari yake juu ya mkokoteni. Lakini kabla ya kufika kwenye mkokoteni mzigo huo umekwisha kusafiri mwendo mrefu kwa lori, pengine kutoka Taita, pengine kutoka mbali zaidi ya huko. Si ajabu basi kwamba mfanyabiashara wa upande huu, akiisha kuweka akiba kidogo, huanza kufikiri habari ya kununua lori lake mwenyewe, aache kulipa nauli kwa lori la mwingine.

Lori jipya ni ghali, kwa hiyo walio wengi hununua lililokwisha kutumika. Malori haya ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni yale yanayoletwa kwa meli hadi Kilindini, mengi yao kutoka Japani, ambako magari hupita upande wa kushoto wa barabara kama kwetu. Gari lililozidi miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa Kenya, tena hutakiwa kukaguliwa huko litokako. Namna ya pili ni yale yaliyofanya kazi hapa hapa nchini, ambayo yaweza kuwa na umri wa miaka 15 au 20. Haya nayo hukaguliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, lakini ukaguzi huo ni wa usalama wa barabarani: breki, taa, usukani, matairi. Cheti chake hakimwambii mnunuzi kama injini imebakiwa na miaka mitano au miezi mitano.

Tutwae mfano wa mambo yanayowapata watu mara nyingi. Mtu wa Kuze ananunua katika yadi lori la tani tatu. Amelijaribu kwa kulizungusha kisiwani, akavuka daraja la Nyali akarudi, akaridhika. Wiki ya tatu, lori likipanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi na mzigo wa saruji, maji yanachemka. Yadi inalipokea kwa maneno mazuri na kubadilisha thamostati. Baada ya siku kumi maji yanachemka tena, na safari hii inabadilishwa pampu ya maji. Mara ya tatu rejeta. Mara ya nne mwenye yadi anasema dereva ndiye mbaya. Wakati huo kabichi zilizokwisha kulipiwa zimeoza shambani, utingo anataka ujira wake, na benki inataka fedha yake ya mwezi kana kwamba lori liko barabarani.

Kosa la kwanza katika habari hii ni lile jaribio. Kisiwa cha Mombasa ni tambarare, na lori tupu katika barabara tambarare halifanyi kazi yoyote ya kulichosha. Injini yenye ugonjwa yaweza kwenda hivyo mwezi mzima bila kuonyesha dalili. Anayetaka kujua ukweli na alipakie mzigo, alipandishe kilima cha Mazeras mpaka Mariakani, kisha asimame, aache injini ikizunguka, na atazame kipimo cha joto. Muuzaji anayekataa jaribio la namna hiyo amekwisha kutoa habari yote inayotakiwa.

Lakini kwa nini gari litengenezwe mara tatu na ugonjwa urudi uleule? Jibu lake ni kwamba kuchemka kwa maji ni dalili tu, na dalili moja yaweza kuwa na asili nyingi. Ikiwa gasketi iliyo kati ya injini na silinda hedi imeungua, moto wa ndani ya silinda hupenya katika njia za maji. Hapo hata rejeta mpya haitafaa kitu. Fundi mwangalifu hulijua jambo hili mapema. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, hufungua kifuniko cha rejeta, huiwasha, na hutazama kama mapovu yanatoka mfululizo. Hutazama pia oili kama imegeuka rangi ya maziwa, na moshi kama ni mweupe usiokwisha. (Kifuniko hicho kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto, maji yake huruka na kuunguza uso.)

Na hata gasketi ikibadilishwa, kazi haijaisha. Injini iliyochemka sana mara nyingi huwa imepinda ile silinda hedi yenyewe, na chuma kilichopinda hakikai sawasawa juu ya gasketi. Ni lazima kipelekwe kwenye mashine kipimwe na kusawazishwa, au kitupwe ikiwa kimepasuka. Kazi hiyo ina gharama, tena huchukua siku. Fundi aliyeambiwa na yadi amalize upesi hufunga gasketi mpya juu ya chuma kilekile kilichopinda. Lori hutoka karakana likinguruma vizuri, na baada ya wiki chache gasketi imeungua tena. Kila mara mwenye lori huambiwa, na ni kweli, kwamba kipuri kilichotiwa ni kipya.

Hapa Pwani liko jambo jingine la kutazamwa. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na madereva wengi hujaza rejeta kwa maji yoyote yaliyo karibu. Chumvi hiyo huacha ukoga ndani ya mirija na kula chuma. Lori lililonyweshwa maji hayo kwa miaka mingi huchemka hata kama kila kifaa chake cha nje ni kizuri, na rangi ya kutu katika maji ya rejeta ndiyo dalili yake. Chumvi hula fremu pia. Malori yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, yaweza kuwa yameliwa chini huku bodi limepakwa rangi mpya. Anayenunua na alale chini ya lori na kurunzi na nyundo ndogo. Kuhusu kilometa, kipimo cha gari hurudishwa nyuma kwa urahisi. Kwa lori la Japani ni bora kuitisha cheti cha kulitoa nchini humo, ambacho huonyesha kilometa zilizosomwa wakati wa ukaguzi, kisha kulinganisha.

Huko Marekani gari la namna hii, lililo zuri kwa nje na baya kwa ndani, huitwa limau. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi aitwaye George Akerlof aliandika makala juu ya soko la malimau hayo, na mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz kwa sababu ya elimu hiyo ya masoko ambayo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine. Maelezo yake hayana ugumu. Muuzaji anajua hali ya gari lake, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya wastani kwa kila gari. Mwenye gari zuri huona bei hiyo ni ya kumpunja, akaliondoa sokoni. Mwenye gari bovu huifurahia. Basi sokoni hubaki yaliyo mabovu zaidi, na bei hushuka tena. Kila msomaji aliyewahi kutembea katika yadi za magari atakiri kwamba bwana huyu hakuwa akiota.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, ilianza kutumika mwaka 1931 nayo ilifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kifungu chake cha 16 chasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayotaka kuifanya na bidhaa, naye akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa hiyo yapasa kuifaa kazi hiyo. Tena bidhaa inayonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya namna hiyo yapasa kuwa ya hali inayostahili kuuzwa. Lakini mnunuzi akiwa amelikagua gari, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungalipasa kuionyesha. Kwa hiyo ni vizuri kuandika katika mkataba: lori hili lanunuliwa kwa kubeba tani kadha kutoka Wundanyi hadi Mombasa. Maneno hayo machache yana nguvu kuliko ahadi nyingi za mdomo. Na atambue mnunuzi kwamba anayenunua kwa jirani barazani, mtu asiye na biashara ya magari, hana ulinzi wote alio nao anayenunua kwenye yadi.

Wauzaji wengi huandika kwamba gari limeuzwa kama lilivyo. Sheria hiyo ya zamani yaruhusu watu kupatana hivyo. Lakini Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 46, ilimpa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili na haki ya kulipwa fidia, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ilitamka kwamba haki inazozitoa haziondolewi kwa mkataba. Sheria hii ya pili ina sehemu inayohusu matengenezo ya magari: fundi hawezi kutoza fedha kwa kazi ambayo mwenye gari hakuiidhinisha, na kazi yake pamoja na vipuri vipya huhesabiwa kuwa na dhamana.

Jambo linalowaumiza watu zaidi ni wakati. Mnunuzi anayekaa na bidhaa muda wa kutosha bila kusema kwamba anaikataa huhesabiwa kuwa ameipokea. Hapo haki ya kulirudisha lori na kudai fedha yote yaweza kumponyoka, akabaki na haki ya kudai fidia peke yake. Na ni nini kinachopoteza wakati kuliko safari za karakana? Kila mara mwenye yadi asemapo lete tulitazame, wiki mbili zinapita, naye mnunuzi hulitumia gari katikati ya matengenezo. Wazee wa Mji wa Kale waliosoma fiqhi ya madhehebu ya Shafii hawatalistaajabia jambo hili, kwa maana humo nako mnunuzi ana hiari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa, lakini yampasa aseme mara tu aijuapo. Akiendelea kumpanda mnyama aliyemwona kuwa ni kilema, hiari yake imekwisha.

Nchi nyingine zimeweka hesabu. Jimbo la Connecticut huko Marekani lilitunga sheria mwaka 1982 kwa magari mapya: kasoro moja ikitengenezwa mara nne bila kupona, au gari likikaa karakana siku 30, mnunuzi amepewa nafasi za kutosha. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2008, kasoro ikirudi ndani ya miezi mitatu baada ya kutengenezwa, muuzaji hubadilisha bidhaa au hurudisha fedha. Uingereza yenyewe, iliyotuachia sheria ya 1893, mwaka 2015 ilimpa mnunuzi wa matumizi ya nyumbani siku 30 za kukataa, na baada ya hapo tengenezo moja tu likishindikana aweza kukataa tena. Sheria ya Kenya haina hesabu ya namna hiyo. Kwa maoni yetu inafaa iwe nayo, hasa kwa malori, ambayo ndiyo riziki ya jamaa nzima.

Mpaka hapo itakapokuwapo, mnunuzi hana budi kuiweka hesabu yeye mwenyewe. Tengenezo la kwanza ni haki kumpa muuzaji nafasi. Lori likirudi kwa kasoro ileile mara ya pili, siku hiyohiyo aandike barua: tarehe aliyonunua, kasoro, tarehe za matengenezo, na tamko wazi kwamba halikubali lori katika hali hiyo, kwamba anataka fedha yake au tengenezo kamili kwa tarehe fulani, na kwamba kulipeleka karakana si kuziacha haki zake. Apeleke nakala mbili, moja itiwe sahihi ya aliyeipokea; akikataa kutia sahihi, itumwe kwa simu mahali ambapo tarehe itaonekana. Awe na daftari ndani ya lori, aandike kilometa za kuingia na za kutoka karakana, na maneno ya fundi. Vipuri vilivyotolewa avitake, avifunge katika gunia. Na kabla ya tengenezo la tatu alipeleke lori kwa fundi mwingine asiye wa yadi, amlipe, na apewe maelezo kwa maandishi. Gharama hiyo ni ndogo kuliko safari moja iliyopotea.

Ikiwa yadi haisikii, malalamiko juu ya wauzaji yaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Anayetaka fedha aende mahakamani. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kusikizwa na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Bei ya lori mara nyingi huzidi kiasi hicho, lakini gharama za matengenezo na hasara ya mizigo huenda zisizidi. Mdai aweza kujisemea mwenyewe bila wakili, mahakama haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na shauri latakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kuandikishwa. Achukue mkataba, risiti, taarifa za malipo ya simu, nakala ya barua, lile daftari, na gunia la vipuri.