Kabla ya Kufurahia Punguzo, Uliza Ada ya Chini

Mfanyabiashara wa Mbale, Uganda, anayetuma kahawa ya Bugisu kwa wateja wa Jinja na Kampala anaahidiwa na kampuni ya vifurushi punguzo la asilimia 40. Anatia saini. Mwisho wa mwezi, ankara inazidi matarajio yake, na hesabu haina kosa. Kilichomponza ni kifungu cha ada ya chini: kiasi ambacho malipo ya kifurushi hayawezi kushuka chini yake, hata punguzo liwe kubwa vipi.

Tuseme bei ya kawaida ya kifurushi cha kilo moja ni shilingi 12,000. Ukiondoa asilimia 40 inabaki 7,200. Lakini ikiwa ada ya chini ni 10,000, utalipa 10,000, na punguzo lako halisi halifiki asilimia 17. Ukituma vifurushi 200 kwa mwezi, tofauti ni shilingi 560,000. Mwenye mizigo mizito haguswi. Anayeumia ni mwenye vifurushi vidogo.

Ada hiyo ina sababu yake. Kufuata kifurushi dukani kando ya Mto Nabuyonga mjini Mbale, kukiandikisha, kukipakia na kumtafuta mpokeaji hugharimu karibu sawa, kiwe cha nusu kilo au kilo tatu. Kwa hiyo usidai ifutwe. Omba ipunguzwe, nawe utoe kitu: vipeleke vifurushi ofisini kwao mwenyewe, vyote kwa pamoja, vikiwa vimeshaandikwa anwani na namba za simu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya mazungumzo, orodhesha vifurushi vya miezi mitatu: uzito, vipimo, vilikokwenda na ulicholipa. Onyesha ni vingapi vilikwama kwenye ada ya chini. Uliza pia bei ya vifurushi kwenye mabasi ya Jinja na Kampala, ili ujue mbadala wako.

Taka ada itajwe kwa shilingi, isibadilike kwa mwaka mzima. Huko Marekani, kampuni za vifurushi za UPS na FedEx hufungamanisha ada ya chini na bei ya ratili ya kwanza kwa kanda ya karibu. Bei hiyo ikipanda, ada nayo hupanda. Uliza kama VAT ya asilimia 18 imo ndani au inaongezwa juu. Kukiwa na kiwango cha chini cha vifurushi kwa mwezi, omba kihesabiwe kwa wastani wa mwaka, maana msimu wa kahawa ukipita mizigo hupungua.

Makubaliano yote yaandikwe. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka maandishi kwa mkataba unaozidi shilingi 500,000, na biashara ndogo hufikia kiasi hicho upesi. Usitie saini mpaka uone ada ya chini imeandikwa kwa tarakimu, na uwe umeikokotoa kwa vifurushi vyako mwenyewe.