Miguu inayokataa kutembea

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba, pengine mumekwisha kuona mzee anayetembea kwa hatua ndogo ndogo, mgongo umeinama, mkono mmoja haupepei. Akifika mlangoni miguu inakataa, kama imeshikwa na simenti. Watu wanasema amelewa, ama amelogwa. Sivyo. Ni ugonjwa wa Parkinson, jina la munganga wa London aliyeuandika mwaka 1817.

Katika ubongo wake chembe zinazotengeneza dopamini zinakufa pole pole, na bila dopamini mwili unashindwa kuanza mwendo. Vidonge vya levodopa vinasaidia, lakini miaka ikipita nguvu yao inapanda na kushuka mchana kutwa.

Mwaka 1987, kule Grenoble, Ufaransa, waganga Benabid na Pollak walianza njia ya umeme. Waya nyembamba inaingizwa ndani ya ubongo, inapita chini ya ngozi mpaka kwenye batri kifuani. Umeme kidogo, mara 130 hivi kwa sekunde, unatuliza mtetemeko. Toka 1993 waligusa sehemu ingine, na ugumu wa mwili nao ukapungua.

Na kutembea? Hapa usidanganyike. Kama vidonge vinamtembeza mgonjwa vizuri, umeme nao huenda ukamsaidia: hatua zinarefuka, mwendo unakuwa mwepesi. Kama vidonge havifungui miguu, umeme mara nyingi hautaifungua. Kuyumba na kuanguka hakuponi hivyo, na wako wanaotembea vibaya zaidi kisha kupasuliwa. Waganga wanaweza kuteremsha umeme mpaka mara 60 kwa sekunde. Wengine miguu inafunguka, lakini mtetemeko unaweza kurudi.

Sisi watu wa migodi tuna jambo letu. Vumbi la manganezi, kama ile iliyochimbwa Kisenge, likivutwa miaka mingi linaweza kuharibu ubongo kwa namna ya kufanana: mtu anatembea kwa ncha za vidole, sawa na jogoo. Huyo, levodopa mara nyingi haimfai, kwa hiyo hata waya hatuwezi kumtumainisha nayo. Joto likizidi, usivue maski.

Nyumbani, miguu ya mzee ikikwama, musimsukume wala kumvuta: ataanguka. Mwambie asimame kwanza, apumue, aegemee mguu huu kisha ule. Hesabu naye: moja, mbili! Ama chora mistari ya chaki sakafuni, aivuke mmoja mmoja.