Chui, Mbuzi na Majani: Wewe Ungevukaje?

Je, msomaji, unakijua kile kitendawili cha mtu aliyetaka kuvuka mto na chui, mbuzi na mzigo wa majani? Bila shaka umewahi kuulizwa. Jibu lake wengi tumelikariri, lakini mtoto akituuliza "kwa nini?" tunabaki kukohoa. Basi Jumapili ya leo tandika mkeka, tafuta vizibo vya soda, uwaite watoto karibu.

Tuseme ni bwana mmoja wa Ganda, kule Malindi. Alikuwa upande wa Mambrui na sasa anarudi nyumbani, na mbele yake ni Mto Sabaki. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa adha ya kungoja chombo: kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, aliyetoka Malindi kwenda Mombasa alivushwa kwa feri. Sabaki nao una daraja, lakini leo tujifanye halipo. Kuogelea pia haifai, kwa maana mamba wa mto huo si wa hadithi. Kuna mtumbwi tu, unaomchukua yeye na kitu kimoja. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yamekwisha.

Mpe mtoto vizibo ajaribu. Ataanza vizuri: atavusha mbuzi, kwa kuwa chui hali majani. Atarudi peke yake, amchukue chui. Akifika upande wa Malindi, anakwama. Akimshusha chui hapo na kuondoka, mbuzi hayupo tena! Atakuna kichwa, pengine avitupe vizibo na kusema haiwezekani.

Usimwambie jibu upesi. Muulize tu: "Ni nani asiyeweza kuachwa na yeyote?" Ni mbuzi. Basi mbuzi arudi! Hapo ndipo hata watu wazima hukwama, maana hakuna apendaye kurudisha kitu alichokwisha kukivusha kwa jasho. Chui abaki Malindi, mbuzi arudishwe Mambrui, ashushwe, majani yapakiwe. Majani yakae na chui kwa amani, kisha bwana arudi kumchukua mbuzi. Mtumbwi umevuka mara 7. Hata ukiyatanguliza majani badala ya chui, hesabu ni ileile.

Kitendawili hiki ni cha zamani sana. Kimo katika mkusanyo wa mafumbo unaohusishwa na Alcuin, mwalimu wa York huko Uingereza aliyefariki mwaka 804. Yeye ana mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Mwaka 1990 Marcia Ascher, mwanahisabati wa Marekani, aliandika makala akilinganisha mafumbo ya namna hii, yakiwemo ya Afrika. Mojawapo ni la Zanzibar, lenye chui, mbuzi na majani kama letu, ila chombo kinamchukua mtu na vitu viwili. Katika hadithi hiyo mtu anavusha mbuzi na majani, anarudi na mbuzi, kisha anavuka na mbuzi na chui. Mara 3 tu.

Lakini ngoja. Je, hawezi kumvusha mbuzi peke yake, arudi, kisha awachukue chui na majani pamoja? Ikiwa chui hali majani, anaweza, na ni mara 3 vilevile. Nilimwona kijana wa darasa la tano akitoa jibu hili, mjomba wake akamkemea mbele ya wageni kwamba amekosa, eti kwa sababu silo alilofunzwa yeye. Mtoto alinyamaza jioni nzima. Mzazi, ukipewa jibu usilolijua, chukua vizibo ulipime kwanza.

Sasa lenu la leo, nalo linatoka kwa Alcuin. Baba, mama na watoto wawili wamefika mtoni. Mtumbwi unabeba mtu mzima mmoja, au watoto wawili, basi, ukizidisha unazama. Wote wanajua kupiga kasia. Sisi tuliwavusha wote kwa safari 9, tukihesabu kwenda na kurudi. Tunakuanzishia: watoto wawili wavuke pamoja, mmoja arudi na mtumbwi. Haya, nani apande?