Vipuri vya Magari ya Kale: Kagua Kwanza, Lipa Baadaye

Wapo wananchi wengi ambao bado wanatunza magari ya zamani: Land Rover ya shamba iliyorithiwa kwa babu, Peugeot 504 ya mzee aliyestaafu, au Volkswagen Beetle inayotolewa siku za harusi. Magari hayo viwanda vilikwisha kuacha kuyaunda. Land Rover Series III ilikoma mwaka 1985, na Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani nchini Mexico mwaka 2003. Kwa sababu hiyo mwenye gari hulazimika kusaka vipuri palipo na vifaa vilivyotumika: Gerezani jijini Dar es Salaam, Mtaa wa Kirinyaga jijini Nairobi unaojulikana zaidi kwa jina la Grogan, au kwa kuagiza kutoka masoko ya nje kama lile la Beaulieu, Uingereza, ambako wapenzi wa magari ya kale wamekuwa wakiuziana vipuri tangu mwaka 1967.

Katika masoko ya namna hiyo kifaa mara nyingi hakina boksi, hakina dhamana, wala hakijulikani kilikotoka. Makala hii inaeleza namna mlaji anavyoweza kujilinda.

Kabla ya kwenda sokoni

Andika namba ya chesisi, namba ya injini na mwaka wa gari. Jina la gari peke yake halitoshi. Gia boksi ya Land Rover Series III inaweza kufanana machoni na ya Series IIA, lakini ndani zinatofautiana. Beetle za awali zilitumia umeme wa volti 6, na zilizofuata zikatumia volti 12. Balbu ya volti 6 ikifungwa kwenye gari la volti 12 huungua mara moja. Hali kadhalika, boliti zilizopimwa kwa inchi hazikubali nati za milimita, na anayezilazimisha huharibu nyuzi.

Chukua kifaa kibovu uende nacho, pamoja na sumaku ndogo, tochi na rula ya chuma. Ukiongozana na fundi, elewaneni mapema kuhusu ujira wake, ili asitegemee chochote kutoka kwa muuzaji. Tahadhari hiyohiyo inahusu winga anayekupokea barabarani: malipo yake hujumuishwa katika bei utakayotajiwa.

Mambo ya kukagua

Mlango, boneti au madigadi ya chuma yapitishie sumaku. Mahali inaponata kwa udhaifu au inapoanguka, huenda chini ya rangi pamejazwa pati kuficha kutu. Kipimo hiki hakifai kwa bodi ya Land Rover hizo, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni aluminiamu, ambayo hainasi sumaku hata ikiwa nzima.

Silinda hedi iwekee rula ya chuma kwa ukingo na umulike tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya chini ya rula, hedi imepinda. Tazama pia nafasi iliyopo kati ya viti vya valvu, kwani nyufa hupenda kuanzia hapo. Rangi mpya juu ya chuma kikuukuu si uthibitisho wa uzima. Wakati mwingine imepakwa kuficha ufa au kiungo cha kuchomelea.

Vifaa vya breki, mipira ya breki na tairi visinunuliwe vikiwa vimekwisha kutumika. Tambua pia kwamba kifaa kisichowahi kutumika si lazima kiwe kipya. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 3119, kwa mfano, ni wiki ya 31 ya mwaka 2019. Leza za breki za miaka ya nyuma huweza kuwa na asbesto. Vumbi lake lisipulizwe, kwani huleta maradhi ya mapafu.

Ukikuta namba ya injini imesagwa au imegongwa upya, ondoka. Mali ya wizi huweza kurudishwa kwa mwenyewe nawe ukabaki mikono mitupu; na anayepokea mali hiyo huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa anatenda kosa la jinai.

Sheria inasema nini

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza kitu anachokiuza, na kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Hata hivyo, yapo mambo matatu ambayo wanunuzi wengi hawayafahamu.

Kwanza, ukikikagua kifaa, huwezi kulalamikia baadaye kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuibaini. Kwa hiyo ukaguzi wa kupapasa tu unaweza kukuponza kuliko kutokukagua.

Pili, usiombe kifaa kwa jina lake la kibiashara pekee. Anayesema “nipe kabureta ya Solex” hupewa kabureta ya Solex, na kama haifai katika gari lake ni vigumu kumlaumu muuzaji. Sema: “Nataka kabureta ya Peugeot 504 ya mwaka 1978, injini namba hii.” Hapo umemjulisha muuzaji matumizi, na kama unategemea ujuzi wake, wajibu wa kukupa kinachofaa unamwangukia yeye.

Tatu, mauzo kwa maana ya sheria hiyo ni yale yenye bei ya fedha. Wanaobadilishana kifaa kwa kifaa, bila fedha, huweza kujikuta nje ya ulinzi wake. Mkikubaliana kubadilishana, kila kifaa kipangiwe bei, na maandishi yaoneshe kiasi kilichopunguzwa na kilichoongezwa.

Risiti na malalamiko

Dai risiti ya mashine inayotaja kifaa na namba yake, si neno “spea” pekee. Omba nyuma yake paandikwe ahadi yoyote uliyopewa, kama vile siku za kujaribu. Piga picha ya kifaa kabla fundi hajakifunga, maana kikishafungwa muuzaji anaweza kudai kwamba kimeharibiwa gereji.

Kasoro ikijitokeza, acha kukitumia kifaa na umjulishe muuzaji kwa maandishi bila kuchelewa. Asiposikiliza, tuletee malalamiko yako pamoja na risiti, picha na kifaa chenyewe. Huduma ya kupokea malalamiko haina malipo. Kifaa kisicho na risiti tunakisikiliza pia, lakini ushahidi wake huwa mgumu kusimama.