Istilahi za Saikolojia ya Uhalifu na Saikolojia ya Mahakama

Miongoni mwa masomo yanayofundishwa katika vyuo vikuu vya nje, hasa vya Uingereza, limo somo linalounganisha saikolojia ya uhalifu na saikolojia ya mahakama. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa pale haki inapohitaji. Kwa hiyo taarifa za wataalamu wa somo hili hazina budi kueleweka kwa Kiswahili mbele ya hakimu, wakili na mshtakiwa mwenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti ya fani hizi mbili, na kupambanua istilahi ambazo aghalabu huchanganywa.

Tuanze na saikolojia ya uhalifu. Neno uhalifu latokana na kuhalifu, yaani kwenda kinyume cha amri au sheria. Mwanafunzi wa fani hii huuliza: ni nini kinachomfanya mtu avunje sheria, na ni nini kitakachomrekebisha? Mwaka 1876 daktari wa Kiitalia, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu kilichodai kwamba wako watu waliozaliwa wahalifu, na kwamba hutambulikana kwa umbo la fuvu na uso. Dai hilo limekwisha kukataliwa. Siku hizi wanafunzi hufundishwa kuangalia malezi, marafiki, ulevi, umaskini na mazingira kwa pamoja.

Fani ya pili huitwa katika lugha za Ulaya kwa jina litokanalo na neno la Kilatini forum, yaani uwanja wa mji ambako, pamoja na mambo mengine, mashauri yalisikilizwa. Msingi wa jina hilo, basi, ni baraza la hukumu, wala si jinai. Baadhi ya wafasiri huandika "saikolojia ya jinai", pengine kwa kufuata uchunguzi wa kisayansi wa makosa ya jinai unaofanywa na polisi. Lakini mtaalamu huyu huitwa pia katika mashauri ya madai: mtoto akae na mzazi yupi, au je, marehemu alikuwa na akili timamu alipoandika wasia? Hapo hapana jinai. Ndiyo maana tunapendekeza saikolojia ya mahakama. Yawezekana msomaji akapinga kwamba huko Uingereza wengi wa wataalamu hao hufanya kazi magerezani. Ni kweli, lakini kazi yao kubwa huko ni kutathmini hatari na kuwarekebisha watu waliokwisha kuhukumiwa, na tathmini hiyo hurudi kwa wenye mamlaka ya kuamua kama mfungwa aachiliwe.

Yafaa pia kukumbuka kwamba huko Uingereza jina la mwanasaikolojia wa mahakama hulindwa na sheria. Shahada ya kwanza peke yake haimpi mtu haki ya kujiita hivyo. Sharti aongeze masomo ya juu na mazoezi ya kazi chini ya usimamizi. Mfasiri wa vyeti asimpe jina hilo kila mwenye shahada.

Kwa nini uteuzi wa neno uwe jambo zito kiasi hiki? Jawabu limo ndani ya fani yenyewe. Mwaka 1974, huko Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kubamizana walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kugusana, maili 31.8. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya kutazama filamu, wanafunzi waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Hapakuwa na kioo kilichovunjika katika filamu hiyo. Hata hivyo, wanafunzi 16 kati ya 50 waliosikia neno la kubamizana walisema waliviona, na 7 tu kati ya 50 waliosikia neno la kugongana. Basi mkalimani wa mahakamani anayebadili "yaligusana" kuwa "yalibamizana" huenda akabadili ushahidi wenyewe.

Kwa sababu hiyo twasisitiza tofauti zifuatazo:

(a) Mtuhumiwa, mshtakiwa na mhalifu. Mtuhumiwa hushukiwa, mshtakiwa amefikishwa mahakamani, mhalifu amethibitika kuvunja sheria. Taarifa ya uchunguzi inayomwita mshtakiwa "mhalifu" imekwisha kumhukumu kabla ya hakimu.

(b) Shahidi mwongo na shahidi aliyekosea. Wa kwanza ajua ukweli akauficha. Wa pili asema analoliamini, ila kumbukumbu imempotosha. Kusema uongo kwa makusudi chini ya kiapo ni kosa la jinai. Kukosea si kosa.

(c) Ugonjwa wa akili na wazimu wa kisheria. Mwaka 1843 Daniel M'Naghten alimuua Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu wa Uingereza, Robert Peel, akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu. Baada ya malalamiko mengi, majaji waliweka kipimo: je, mtu huyo alijua analolitenda, na alijua kwamba ni baya? Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania zimejengwa juu ya kipimo cha namna hiyo. Kwa hiyo mtu aweza kuwa mgonjwa wa akili kwa maneno ya daktari na bado akawajibika kwa maneno ya sheria. Neno "kichaa" halifai kwa lolote kati ya hayo mawili.

(d) Akili wakati wa kutenda na akili wakati wa kushtakiwa. Swali la kwanza lahusu hatia yenyewe. La pili lahusu uwezo wa mshtakiwa kujitetea. Akiwa hana uwezo huo, shauri huahirishwa. Tanzania, washtakiwa wanaohitaji uchunguzi wa aina hii hupelekwa Isanga, Dodoma, penye kitengo cha Hospitali ya Mirembe. Mfasiri anayeandika tu kwamba mshtakiwa "hana akili timamu", bila kutaja wakati, huiacha mahakama gizani.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Walimu, wafasiri na maofisa wa mahakama wanaozitumia kila siku wanaombwa watuletee maoni, hasa pale wanapoona neno letu halikidhi haja.