Kubaini Mgandamizo wa Unyayo kama Kinga ya Vidonda vya Miguu kwa Wenye Kisukari

Kwa mtu mwenye kisukari, kidonda cha unyayo aghalabu hakitokani na jeraha moja kubwa, bali na mgandamizo wa wastani unaojirudia mahali pamoja katika kila hatua. Daktari Paul Brand, aliyewatibu wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, alionesha kuwa mguu usiohisi maumivu huendelea kukanyagia palipoumia. Kisukari kinapoharibu neva, hali huwa hiyo hiyo. Kwa hiyo, uchunguzi hauna budi kutafuta kile ambacho mgonjwa hawezi kukieleza. Uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10 hupima hisi. Sugu huonesha palipoelemewa, nayo yenyewe huongeza mgandamizo. Tofauti ya joto inayozidi nyuzi 2.2 za Selsiasi baina ya sehemu zinazolingana za miguu miwili, ikidumu, huashiria kuwa tishu zimeanza kuumia kabla ngozi haijapasuka. Soli zenye vihisio hupima mgandamizo ndani ya kiatu, ambao hukusudiwa ubaki chini ya kilopaskali 200. Hata hivyo, kipimo pekee hakiokoi mguu: kinga hupatikana sugu inapoondolewa, kiatu kinaporekebishwa, na mgonjwa anapokivaa hata nyumbani.